Nimepiga dawa mara tatu na nzi weupe wamerudi: niuokoe vipi muhogo wangu?

SWALI

Assalaam alaykum mtaalamu. Mimi ni mkulima, niko upande wa Wete, Pemba. Mwezi wa nne nilipanda muhogo nusu eka. Mbegu nilipewa na wifi yangu wa Mkoani, na muhogo wake ulikuwa umeshamiri, kila mtu akiusifu. Wangu ulipofika miezi miwili nikaona vidudu vidogo vyeupe chini ya majani. Ukigusa shina vinaruka kama unga uliopeperushwa. Nikanunua dawa dukani nikapiga mara tatu. Kila nikipiga vinapotea siku mbili tatu, kisha vinarudi vingi kuliko mwanzo. Sasa majani ya chini yana umanjano, na juzi nimechimba shina moja nikapika, ndani mna madoa ya kahawia, magumu, hayaivi. Naomba jina la dawa iliyo kali zaidi. Na je, muhogo huu tunaokula hautatudhuru?

JIBU

Waalaykum salaam, dada yangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana hilo ni la jikoni na haliwezi kungoja.

Virusi vinavyouguza muhogo havimuuguzi mtu. Sehemu yenye doa hukauka ikawa kama kizibo cha chupa, haiivi, ladha yake mbaya, na ukitaka kuufanya unga wa bada inakuharibia unga. Likate doa, kilichobaki cheupe kipike kama kawaida. Mzizi ulioenea doa kote, utupe.

Linalonitia wasiwasi mimi ni ile dawa. Hukuniambia ni ipi, na hukuniambia kama mlikuwa mkichuma kisamvu humo kondeni. Dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya nzi weupe, kama zile zenye imidaklopridi au asetamipridi, hunyonywa na mmea zikatembea ndani ya majani. Kuosha hakuzitoi, kutwanga hakuzitoi, nazi nayo haizitoi. Tafuta chupa usome kibandiko: kila dawa ina siku za kungoja kati ya kupiga na kuvuna, na ina orodha ya mazao iliyoruhusiwa. Kama kibandiko kinataja nyanya na kabichi na muhogo haumo, basi kisamvu cha konde hilo kisahauni msimu huu. Watu wanafikiri muhogo unaliwa mzizi tu. Huku kwetu unaliwa juu na chini.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Kwa ulivyoeleza, nina hakika kubwa kwamba ni michirizi kahawia. Nasema hivyo kwa sababu nzi huyu mmoja anasambaza magonjwa mawili, na wakulima wengi huyaita kwa jina moja. La kwanza ni batobato. Hilo linajionesha hadharani: majani machanga ya juu yanakuwa na mabaka ya njano na kijani, yanakunjamana, na shina linadumaa. Hata mtoto wa skuli atakuonesha shina lenye batobato. Michirizi kahawia ni jambazi mwenye kanzu safi. Majani ya juu ni mazuri. Umanjano unaanza kwenye majani ya chini yaliyokomaa, unafuata mishipa ya jani, na jani lenyewe halikunjamani, umbo lake linabaki vile vile, ndiyo maana mkulima husema, "Ah, hilo limezeeka tu." Kwenye sehemu bichi ya shina, ukitazama karibu, utaona vistari vya kahawia. Na uharibifu wote uko chini ya ardhi, ambako hakuna anayetazama mpaka siku ya kuvuna.

Tahadhari moja kabla hujahukumu konde zima: muhogo uliovunwa ukalala siku mbili tatu huota mistari ya bluu iliyokolea kuwa nyeusi ndani. Huko ni kuchacha, si ugonjwa huu. Michirizi kahawia huonekana siku ile ile ya kuchimba, doa ni kavu na lina rangi ya kahawia hasa.

Magonjwa haya si mageni na hayakuletwa na mabadiliko ya juzi. Batobato iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1894, na Mjerumani Warburg, kutoka milima ya Usambara, ng'ambo yetu hapa Tanga. Michirizi kahawia ikaelezwa mwaka 1936 na Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, huko huko Usambara. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa ukanda wa pwani, kuanzia Kenya hadi Msumbiji, mpaka ilipoanza kupanda bara na kuchachamaa Uganda kuanzia mwaka 2004. Wale wa Amani walifika mbali: waliuchanganya muhogo na mti wa mpira ulio jamii yake wakatafuta watoto wenye nguvu. Mmoja wa watoto hao yumo makondeni hadi leo. Pwani ya Kenya wanamwita Kaleso na Tanzania Bara wanamwita Namikonga. Nakutajia hili kwa makusudi. Watu wale walikuwa na tatizo lako, na jibu waliloliendea ni mbegu.

Lakini najua bado unataka jina la dawa. Basi twende kondeni kwanza, mimi na wewe.

Nenda asubuhi saa moja, jua halijapata nguvu na nzi bado wamepoa. Shika jani la juu kwa kikonyo chake, ligeuze polepole, usilitikise. Wale weupe wenye mbawa, urefu wao kama milimita moja, ndio wakubwa, na wanapenda majani matano ya juu yaliyo mororo. Sasa shuka chini kidogo, geuza jani la sita, la nane, la kumi. Utaona vitu kama magamba madogo, bapa, ya manjano hafifu, yamegandama na hayatembei. Wengi hudhani ni uchafu. Hao ni watoto wake. Wamekaa hapo wananyonya, na utamu wanaoutoa nyuma hudondoka juu ya jani la chini yake, ukaota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Mayai yenyewe ni madogo mno, jicho halitayaona bila ya kioo cha kukuzia. Kwa joto letu, kutoka yai hadi nzi anayeruka ni wiki tatu, au nne, na jike mmoja hutaga zaidi ya mayai mia.

Hesabu sasa. Wewe umesimama na bomba mgongoni, unapiga kutoka juu. Dawa inatua mgongoni mwa jani, na nzi yuko tumboni mwa jani. Wakubwa uliowapata wamekufa, wengine wameruka kwenye konde la jirani kwenda kupumzika. Mayai hayakuguswa. Siku ya tatu waliokimbia wanarudi, wiki ya pili magamba yanatoa nzi wapya, nao wanakuta wale waliokuwa wakiwawinda wamekufa wote. Maana hao wawindaji wapo. Yuko nyigu mdogo kuliko nzi mwenyewe, anataga yai lake kwenye gamba na mtoto wake anamla mwenyeji. Ukiwa na kioo, tazama magamba matupu yaliyobaki kwenye jani la chini. Lililopasuka mfano wa herufi T, humo katoka nzi. Lenye tundu la duara, safi kama limetobolewa kwa sindano, humo katoka nyigu. Konde lisilopigwa dawa lina matundu mengi ya duara. Konde lako, baada ya mara tatu, sitarajii uyaone. Hiyo ndiyo sababu ya wao kurudi wengi kuliko mwanzo, na dawa kali zaidi itakupa matokeo hayo hayo kwa bei kubwa zaidi.

Na hata ungewaua wote leo, shina lenye virusi halina tiba. Dawa ya wadudu inaua mdudu, virusi vimo ndani ya mmea kama damu mwilini.

Kuna jambo jingine ambalo muuza dawa hatakwambia, na pengine halijui. Kwa batobato, nzi anahitaji kunyonya shina gonjwa kama saa tatu na nusu, kisha zipite saa nane hivi kabla hajaweza kuambukiza, halafu anaweza kubeba virusi hadi siku tisa. Michirizi kahawia ina haraka: dakika tano hadi kumi za kunyonya zinamtosha kuvichukua, na dakika tano hadi kumi nyingine kuvitia kwenye shina jipya. Dawa gani itamuua nzi ndani ya dakika tano tangu atue? Lakini haraka hiyo ina udhaifu wake, na udhaifu huo ndio tutakaoutumia. Virusi vya michirizi havikai ndani ya nzi. Ndani ya saa 48 anakuwa hana kitu. Ndiyo maana hafiki navyo mbali. Watafiti waliopima kondeni walikuta ugonjwa umesogea mita 17 tu kutoka kwenye mashina yaliyoanza nao, msimu mzima.

Mita 17, dada. Hiyo ni kutoka jikoni kwako hadi kisimani. Sasa huu ugonjwa ulitokaje Mkoani ukafika Wete?

Ulipanda gari. Ulifungwa kamba, ukawekwa juu ya keria, ukalipiwa nauli. Sisemi hivi kumlaumu wifi yako. Muhogo wake ulikuwa umeshamiri kweli, na hakuna udanganyifu wowote hapo. Nimeshakwambia ugonjwa huu una kanzu safi. Lakini pingili iliyokatwa kwenye shina gonjwa inazaa shina gonjwa, nzi awepo asiwepo. Nzi kazi yake ni kuchukua pale ulipopanda na kugawa kwa majirani waliobaki wazima. Kupambana naye peke yake ni kufukuza nzi sinia zima nawe samaki umemwacha wazi.

Na mimi nimewahi kuwa gari hilo. Nilipokuwa kijana, nimetoka chuoni karibuni, nilipewa kazi ya kugawa mbegu za muhogo za mradi fulani, shehia kwa shehia. Nilihesabu mizigo, nikaandika majina, nikachukua saini. Mizigo ilikuwa mizuri, pingili nene, hazijakauka. Hatukung'oa hata shina moja kule zilikotoka tukalikata mzizi. Msimu wa pili nikapita kwa bibi mmoja mzee niliyempa mizigo miwili. Alinikaribisha, akaniwekea mkeka, akamenya muhogo mbele yangu bila ya kusema neno, akaukata visahani akavipanga juu ya mfuniko wa sufuria: kimoja cheupe, kimoja kina doa, kimoja cha kahawia kitupu. Kisha akanimiminia chai. Mpaka leo sijaona ripoti iliyonifundisha kuliko ule mfuniko.

Haya, tufanye nini.

Konde ulilonalo usiling'oe lote. Acha kupiga dawa, hiyo kwanza. Muhogo uliopandwa mwezi wa nne sasa una miezi sita. Doa huongezeka kadri mzizi unavyokaa ardhini, kwa hiyo usisubiri mwaka kama mlivyozoea. Ukitimiza miezi minane tu anza kuvuna, ukianzia mashina yenye michirizi kwenye shina na umanjano mwingi chini. Utapata mizizi midogo kidogo kuliko ya mwaka mzima, lakini utapata inayoivika. Ukishavuna, miti yote ya konde hilo ikaushe uifanye kuni. Yote. Asije jirani akakuomba mzigo mmoja ukaona haya kumnyima. Na maotea yatakayochipua kwenye mizizi iliyobaki yang'oe, maana hayo ndiyo banda la kulelea ugonjwa hadi msimu mwingine. Vile vishina viwili vitatu nyuma ya jiko, vya miaka mingi, vinavyochumwa kisamvu tu, navyo vitazame kwa jicho hilo hilo.

Kwa kupanda upya, vuli imekaribia. Kizimbani, Unguja, kwenye taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, mwaka 2007 zilitolewa mbegu nne zilizochaguliwa kwa kuvumilia michirizi kahawia: Kizimbani, Mahonda, Kama na Machui. Mwambie bwana shamba wako wa shehia akutafutie. Lakini neno langu ni "kuvumilia", shika hilo. Mbegu hizi si hirizi. Zinaweza kupata virusi, ila mizizi yake haiozi kwa kiasi kile, na zikizungukwa na muhogo mgonjwa mwaka baada ya mwaka nazo huchoka. Halafu jina peke yake halitoshi: "Kizimbani" iliyopita mikono sita kabla ya kukufikia ni pingili kama pingili yoyote. Nenda ukaione ingali kondeni, siku ya kuvuna, na kisu chako.

Kisu ni muhimu kuliko bomba. Shina unalotaka kuchukua mbegu lazima kwanza ling'olewe, mizizi yake yote ikatwe visahani, kwa upana, kila baada ya vidole vinne, kutoka kwenye kikonyo hadi ncha. Mzizi mmoja ukiwa na doa hata kubwa kama punje ya mtama, miti ya shina hilo ni kuni. Usikate ncha moja ukaridhika, maana doa linaweza kukaa katikati tu. Muhogo wenyewe haupotei, mnaula. Shina moja lililokomaa litakupa pingili nane hadi kumi za urefu wa sentimita 20 hadi 30, zenye vifundo vitano au zaidi. Nusu eka kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja inataka kama pingili 2,000. Najua huwezi kukata mizizi ya mashina mia mbili kwa siku moja, wala sikuombi hivyo. Msimu huu panda kikonde kidogo cha mbegu tu, pingili mia moja ulizozihakikisha, sehemu iliyobaki panda viazi na kunde, na chakula kikipungua nunua. Mwakani kikonde hicho kitakupa pingili za kama robo eka, na mwaka unaofuata utaijaza nusu eka nzima.

Kikonde hicho ukiweke wapi? Mbali na muhogo wa zamani uwezavyo. Mita 50 ni afadhali, mia ni bora zaidi. Tena tazama upepo. Nzi huyu si mrukaji wa maana, anachukuliwa na upepo kama moshi. Muhogo wa vuli utakuwa mchanga kaskazi inapovuma, kwa hiyo kikonde kiwe kaskazini ya makonde ya zamani, nzi wapeperushwe kwenda mbali nacho. Ukipanda masika, kusi ndiyo itakayovuma, basi geuza. Mabaharia wetu wanajua haya kwa matanga, wakulima tumeyasahau.

Miezi mitatu ya mwanzo pita kikondeni kila wiki. Pingili iliyokuja na ugonjwa mara nyingi hujitangaza mapema, kwenye majani yake ya kwanza. Ling'oe shina hilo pale pale. Watu wanaona uchungu kung'oa, wanasema "nilipe muda". Muda unampa nzi. Kama una simu ya kisasa, ipo programu iitwayo Nuru, ya Kiswahili, unaielekeza kwenye jani inakwambia kama ni batobato au michirizi, na haihitaji intaneti ukiwa kondeni. Inasaidia, ila haioni mzizi.

Na nzi? Hapo kwenye kikonde kidogo ndipo inafaa kumshughulikia, kwa kuwa shina mia moja mtu anaweza kuzigeuza majani. Sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, ipige tumboni mwa jani asubuhi au jioni, si jua la saa sita litaunguza majani. Jaribu mashina mawili kwanza. Au kokwa za mwarobaini: gramu 50 zilizotwangwa kwa lita moja ya maji, zilale usiku kucha, zichujwe kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ili ishike, upige jioni kwa sababu jua huiharibu. Mwarobaini hauui papo hapo kama ya dukani. Unawazuia watoto kukua. Rudia kila wiki, na mvua kubwa ikinyesha ujue imekufanyia kazi bure, inawaangusha wengi. Kupanda kunde kati ya mistari nako hupunguza nzi kiasi.

Majirani ni habari ndefu. Kwa kifupi, mkipanda watu kumi kwa wakati mmoja mvua zinapoanza, na wote kumi mmekata mizizi kabla ya kukata mbegu, mita 17 zile hazina pa kwenda. Ukifanya peke yako, bado utapata nafuu, lakini kila mwaka itabidi urudi kutafuta mbegu safi.

Leo hii, kabla ya kulala, mpigie simu wifi yako. Usimwambie amekuletea maradhi. Mwambie achimbe shina moja katika muhogo aliobaki nao, amenye, akate visahani, akwambie anaona nini. Na kama kuna mtu mwingine ameshamuahidi miti, amwambie asubiri kwanza.